Jinsi ya kusoma ukuta wa pango, halafu utengeneze jiwe lako mwenyewe kwa bakteria ndani ya chupa ya soda

Kabla ya yote nenda kamwambie mwenye nyumba, awe mama, mke au shangazi, kwamba kona moja ya ua itanuka mkojo kwa wiki mbili hivi. Usipomwambia mapema chupa zako utazikuta jalalani. Zangu mie zilitupwa mara mbili, na hiyo ya pili ilikua siku ya nane, karibu kabisa kufika.

Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Malindi, Gede, Watamu, Marafa, na wanaotaka mapango nawapeleka mapango. Miaka mingi stori yangu ilikua moja tu, maji yanadondoka, chokaa inaganda, jiwe linaota, haya tupige picha twende. Mpaka siku nilipomchukua binti wa ndugu yangu, msichana wa sekondari, akasimama mbele ya ukuta na tochi yake ya simu akaniuliza, "Ami, hivi vidoti vinavyong'aa ni nini?" Nikamwambia maji. Akasema, "Maji mbona yamekaa juu ya kitu?" Nikasogea nikaangalia vizuri na kweli, kila tone lilikua limekalia kidoa kidogo cheupe kama ukungu wa mkate, tone duara kabisa halijatanuka, kama maji juu ya jani la mgomba. Nimepita pale labda mara mia na sijawahi kuona. Mwongozo huu umeanzia hapo, sehemu ya kwanza ni ya pangoni, ya pili ni ya nyumbani, na kama huna nafasi ya kwenda pangoni ruka tu uende kwenye chupa, hakuna atakayekulaumu.

Sasa kitu cha kwanza kuelewa, manake bila hiki utampa bakteria sifa zisizo zake. Mvua ikinyesha inapita kwenye udongo, na udongo umejaa hewa ya kaboni dayoksaidi, hewa ambayo inatoka kwa mizizi na vijidudu vinavyopumua mle chini. Maji yakiibeba yanakua na uchachu kidogo, yanalila jiwe la chokaa taratibu, yanashuka nalo. Yakifika pangoni kwenye uwazi ile hewa inatoroka kama soda ikifunguliwa, na chokaa iliyokua imeyeyuka inakosa cha kuishikilia, inabaki pale juu kama jiwe. Hiyo ni kemia tupu, haihitaji mdudu yeyote pale pangoni. Ushahidi unao nyumbani, angalia ndani ya birika la chai la mtu anayetumia maji ya kisima hapa kwetu, ile gamba nyeupe ngumu ni chokaa hiyo hiyo imefukuzwa na moto. Kwa hivo mawe mengi makubwa yanayoning'inia pangoni kazi kubwa imefanywa na maji na hewa, na ukisikia mtu kwenye video anasema bakteria ndio waliojenga pango lote, huyo anauza.

Vijidudu wanaingiliaje basi? Kwa njia tatu ukizijua zinakutosha. Moja, wanabadilisha ladha ya maji yanayowazunguka, wakiyatoa uchachu yakawa kama magadi basi chokaa inashindwa kukaa ndani inaganda, na wakiyatia asidi jiwe linaliwa. Mbili, miili yao na ule ute wao una chaji inayovuta kalsiamu, kwa hivo fuwele ya kwanza inapata pa kushika, kama vile kule mabwawa ya chumvi ya Gongoni chumvi inavyopenda kuanza kwenye kijiti au kamba kabla ya kusambaa. Tatu, wako wanaokula madini yenyewe, chuma na manganizi, yaani wanapata nguvu ya kuishi kwa kuyachoma na oksijeni, na majivu yao ndio zile rangi nyekundu na nyeusi unazoziona ukutani. Hii ya tatu ndio iliyonimaliza mimi, kiumbe anakula kutu, haki ya Mungu.

Kuingia pangoni. Kwanza ruhusa. Mapango mengi ya huku ni mahali pa watu, pana mizimu, utakuta chupa za marashi, ubani, vitambaa vyekundu na vyeusi, na pana mzee anayehusika. Mtafute, mwamkie shikamoo, mweleze unataka kuangalia ukuta tu, akikuambia vua viatu vua. Mapango ya kihistoria yako chini ya Makumbusho ya Taifa na huko hata kuchota mchanga huruhusiwi. Kuna sababu, kule Panga ya Saidi kwenye kaunti yetu hii ya Kilifi walifukua mabaki ya mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu mpaka mitatu aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, matokeo yalitoka 2021, na mifupa ile ilikua laini kiasi kwamba ilibidi itolewe pamoja na bonge lake la udongo. Mtu mmoja na kijiko chake angeiharibu yote kwa dakika tano.

Pili popo. Hapa sitanii. Vumbi la mavi ya popo lina kuvu anayeingia mapafuni, vaa maski nzuri sio kitambaa, usitimue vumbi, usikae chini. Na wale popo wa matunda wanaolala mapangoni ndio wanaobeba virusi vya Marburg. Mwaka 1980 na tena 1987 kuna watu waliougua na kufariki baada ya kutembelea pango la Kitum huko Mlima Elgon. Pango likiwa na popo wengi mimi wageni wangu nawasimamisha mdomoni, wakinung'unika wanung'unike. Glavu, viatu vilivyofunika, tochi mbili manake moja huzima kila mara, na kama pango liko ufukweni uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi.

Tatu, mikono mfukoni. Mafuta ya vidole yakishika jiwe linalokua maji yanaanza kulikwepa, doa lako litabaki pale kuliko umri wako.

Tochi usiimulike moja kwa moja ukutani, hiyo ndio makosa ya wote. Ishike ubavuni, karibu na ukuta, mwanga upite kama jua la saa kumi na mbili, hapo kila kijivimbe kinatoa kivuli. Anzia mdomoni pa pango ambapo mwanga wa jua bado unafika. Tafuta mawe yenye kijani kijani au weusi wa kijani, hao ni bakteria wanaotumia jua kama majani, wanavuta ile kaboni dayoksaidi kutoka kwenye maji wapate chakula, na wakishaivuta maji yanapoteza uchachu na chokaa inaganda juu yao. Wakizibwa wanapanda juu tena, na upande wenye jua ndio wanaokua sana. Sasa fikiria miaka elfu ya mchezo huo. Jiwe linapinda kuelekea mlangoni! Kuna mapango Australia na Borneo yana mawe yaliyoinama yote kuelekea kwenye mwanga kama abiria wanaochungulia matatu inakuja. Ukiona stalaktiti, yaani jiwe linaloning'inia, mdomoni imeinama usiamue haraka lakini, upepo nao unaweza kuyasukuma matone upande, kwa hivo angalia kama upande ulioinamia ndio wenye kijani. Vikiwa vyote viwili, shuku vijidudu.

Ingia ndani kidogo mpaka giza. Simama, zima tochi, vuta pumzi (kupitia maski utasikia kidogo tu, lakini utasikia). Ile harufu ya mvua ya kwanza ikigonga vumbi la barabara ya Ganda, ile ile, inatoka kwa jamii ya bakteria wa udongo wanaoitwa aktinobakteria. Ndio jamaa zao waliotupa dawa ya streptomaisini mwaka 1943, dawa ya kwanza ya kuua bakteria iliyofanya kazi kwa kifua kikuu. Washa tochi sasa utafute vile vidoti vya binti yetu. Vinakua vyeupe, vya fedha, mara vya dhahabu, ngozi yao haipendi maji ndio sababu tone linasimama duara na kurudisha mwanga. Mzee wa lile pango nilipomwonyesha alicheka akasema, "Hilo ni jasho la pango, sisi tunalijua tangu." Sawa mzee, lakini jasho hili lina mwenyewe.

Kitu kingine cha kutafuta ni maziwa ya mwezi. Hilo ndilo jina lake, na ni la zamani, msomi Conrad Gesner wa Uswisi aliandika habari zake mwaka 1555 kutoka mlima Pilatus, na watu wa huko walikua wanakausha wanapaka kwenye vidonda. Ni kitu cheupe kinachokaa ukutani kama mtindi uliochujwa kwenye kitambaa, kikilowa laini, kikikauka unga. Ukikitazama kwa hadubini unakuta vijisindano vidogo sana vya kalsaiti, yaani chokaa iliyoganda, vimelaliana hovyo, na katikati bakteria na nyuzi za kuvu. Wanasayansi hawajamaliza kugombana hapa, wako wanaosema vijidudu ndio wanaofuma zile sindano, wako wanaosema wamehamia tu nyumba iliyokwishajengwa. Mimi naegemea kwa hao wa kwanza, lakini mimi ni mtembeza wageni tu, usininukuu kwenye mtihani.

Weusi. Hapa ndipo watu wanachemka. Kuna weusi wa manganizi, ambao bakteria kama Leptothrix wanaichukua manganizi iliyoyeyuka kwenye maji na kuigeuza kuwa unga mweusi usioyeyuka, na kuna weusi wa moshi wa mienge, taa za chemni na ubani wa miaka na miaka. Tofauti yake angalia njia. Moshi unapanda, utaukuta kwenye dari juu ya mahali ambapo watu wanakaa. Manganizi inafuata maji, utaiona kwenye mifereji, kwenye nyufa, pale maji yalipotuama, na mara nyingi imepakana na wekundu wa chuma. Mapango yetu haya yanayoingiwa na watu daima, mengi niliyoyaona weusi wake ni moshi tu. Kule New Mexico, Marekani, ndani ya Lechuguilla, pango la zaidi ya kilomita 200, kuna tabaka za unga mwekundu na mweusi ukutani na humo ndani wamekuta vijidudu wanaoishi kwa kula chuma na manganizi ya jiwe, gizani, hakuna jani wala jua.

Mavi ya popo nayo ni kiwanda kizima. Mkojo na mavi vinatoa amonia, bakteria mmoja anaitwa Nitrosomonas anaigeuza kuwa naitraiti, mwenzake Nitrobacter anamalizia kuwa naitreti, ikikutana na kalsiamu ya jiwe unapata shura, ile chumvi nyeupe inayotoka kwenye kuta za zamani. Shura ukiichuja na majivu ya kuni unapata malighafi ya baruti. Pango la Mammoth kule Kentucky lilichimbwa hivo wakati wa vita vya Marekani na Uingereza vya 1812, na waliochimba walikua watumwa weusi, hilo wageni wangu wengi wa kutoka huko hawajawahi kulisikia. Upande mwingine mavi yale yale yana fosfeti na asidi, yanaila chokaa ya chini yake na kuacha gamba la kahawia, gamba ambalo ndani lina madini ya jamii moja na meno yako. Kwa hivo ukiona sakafu ya pango chini ya popo ina ukoko wa rangi ya kahawa usifikiri ni uchafu umekauka, baadhi yake ni jiwe jipya.

Yale mapango ya salfa sina haja ya kuyasimulia sana, huku kwetu hatuna, lakini ujue yapo. Villa Luz kule Mexico dari inaning'inia makamasi kabisa, ute wa bakteria wanaokula hewa ya mayai viza, na matone yake ni asidi kali inayotoboa nguo. Asidi hiyo ikila chokaa inaacha jasi. Frasassi, Italia, iko hivo hivo, na Movile ya Romania, iliyogunduliwa 1986, ina wadudu na buibui wanaoishi kwa kutegemea bakteria hao badala ya jua.

Haya turudi nyumbani, chupa.

Hapa tunatumia ile njia ya kwanza, kuyageuza maji. Kuna bakteria wa udongo, maarufu kati yao ni Sporosarcina pasteurii, ambao wana kimeng'enya cha kuvunja yuria, ile iliyomo kwenye mkojo na kwenye mbolea. Yuria ikivunjika inatoka amonia, inayafanya maji kuwa kama magadi, na inatoka kaboneti. Ukiwapa na kalsiamu, kaboneti na kalsiamu wanashikana wanakua kalsaiti, madini yale yale ya pangoni, tena inaganda juu ya mwili wa bakteria mwenyewe. Anajizika kwa mikono yake maskini.

Vitu vya kununua: yuria ya mbolea, ile nyeupe, nusu kilo inatosha na kubaki, kalsiamu naitreti nusu kilo, ile inayotumiwa na wakulima wa nyanya, na hamira pakiti mbili tatu. Manjano na ndimu unazo jikoni. Maji ya mvua kama lita kumi, ya kisima hapana, ya kwetu yana chumvi na chokaa tayari. Na hapa nikuonye, duka moja la mbolea nililoenda nikaomba kalsiamu naitreti nikapewa CAN, jamaa ananiambia "ni kitu kimoja hiyo kaka." Si kitu kimoja! CAN ni amoniamu naitreti imechanganywa na chokaa ya kusaga, kalsiamu yake haiyeyuki kwenye maji, utakaa wiki mbili unanusa mkojo bure. Pima hivi, tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ukoroge, kalsiamu naitreti inayeyuka yote na glasi inapoa mkononi, CAN inabakiza tope la kijivu chini.

Bakteria hawanunuliwi. Nenda mahali punda wanapofungwa, wale wa mikokoteni ya maji, chukua udongo kijiko kimoja pale penye mkojo, manake penye mkojo kila siku ndipo wavunjaji wa yuria walipojazana. Vaa glavu, na kama una kidonda mkononi mwachie mwingine, udongo wa punda una pepopunda na jina lenyewe limekwambia.

Chemsha vijiko viwili vya chakula vya hamira kwenye nusu lita ya maji ya mvua, robo saa hivi, lengo ni kuiua hamira upate supu yake. Iache itulie, mimina ile ya juu, ongeza maji mpaka lita moja. Ikipoa kabisa ndio utie yuria vijiko viwili vya chakula, sio ikiwa moto, halafu ule udongo wa punda. Funika kwa kitambaa, weka uani kivulini. Joto la Malindi linawafaa sana hao, Nairobi ingebidi usubiri zaidi.

Siku ya pili au ya tatu maji yanakua mazito kama ya kuoshea mchele na harufu inaanza. Usitegemee pua peke yake, tumia manjano. Loweka karatasi nyeupe kwenye maji ya manjano, ikaushe, ikate vipande. Ukitaka kupima lowesha kipande kidogo ukishike juu ya mdomo wa chombo bila kugusa maji. Kikigeuka chekundu cha matofali amonia ipo na wako kazini. Dondoshea ndimu kinarudi njano, watoto wanapenda sana hii, wangu walimaliza karatasi zote kabla sijapima mimi. Ikishakua nyekundu haraka, chota vijiko vitatu vya hayo maji utie kwenye supu mpya ya hamira na yuria, ngoja siku moja mbili tena. Hii ya pili ndio utakayoitumia, ina wale tunaowataka wengi na matope machache.

Mchanga sasa, na hapa akili. Ukichukua mchanga mweupe wa Watamu ukaudondoshea ndimu au siki utaona unatoa povu wenyewe, manake ni matumbawe na makombe yaliyosagika, ni chokaa tayari. Ukiutumia huo mwisho hutajua povu ni la nani. Chukua mchanga wa upande wa Sabaki, ule wa kahawia wenye vumbi jeusi linalometameta, huo umeletwa na mto kutoka bara. Upime kwa ndimu kwanza, ukitulia bila povu huo ndio wako, uoshe mara tatu kwa maji ya mvua utoe chumvi.

Chupa mbili za soda za nusu lita, kata juu, toboa matundu matano chini kwa sindano ya moto, weka kitambaa chini, jaza mchanga theluthi mbili, gonga gonga ushuke. Chupa ya kwanza mimina maji ya bakteria mpaka yafunike mchanga, ziba matundu kwa utepe, acha masaa sita wapate kushika, halafu fungua yachuruzike. Chupa ya pili mpe maji ya mvua matupu, hiyo ni chupa ya shahidi, ya kulinganisha nayo. Baada ya hapo zote mbili zinakula chakula kimoja, kwenye lita moja ya maji ya mvua yuria vijiko viwili vya chakula na kalsiamu naitreti vijiko vitatu. Kila asubuhi fungua matundu, maji ya jana yatoke, ziba, mimina mapya. Kila siku ya tatu chupa ya kwanza mwongeze bakteria kidogo. Siku nane mpaka kumi.

Kuhusu shahidi nilifanya kosa nikuambie usilirudie. Mara ya kwanza nilijidai mjanja, nikachemsha ule udongo wa punda nusu saa nikautia kwenye chupa ya shahidi, nikisema hao wamekufa. Siku ya saba chupa zote mbili zimekua jiwe. Nikakata tamaa nikadhani basi ni mbolea tu inaganda hakuna cha bakteria, nikamwambia binti projekti imekufa. Kumbe hawa jamaa wakiona hatari wanajifungia ndani ya mbegu ngumu, spora, na kuchemsha kwa sufuria hakuziui zote, maji yakipoa wanaamka wanaendelea na kazi. Yule shahidi alikua amekula rushwa. Ndio sababu nasema maji ya mvua matupu, usitie udongo hata chembe.

Karibu siku ya tano utaona maji yanachuruzika polepole kwenye chupa ya kwanza na ya shahidi bado yanakimbia, dalili njema hiyo, matundu kati ya chembe yanazibika. Siku ikifika suuza mara kadhaa kwa maji ya mvua, acha zikauke kivulini siku tatu, halafu pasua plastiki kwa wembe. Chupa yangu ya tatu, ile iliyonusurika, binti ndiye aliyepasua. Ya shahidi ilimwagika mezani yote kama sukari. Ile nyingine plastiki iliachia na mchanga ukabaki umesimama, na umbo la chupa na mikunjo yake yote, hata yale maandishi yaliyochomoza chini ya chupa yalijichapa kwa nyuma. Aligusa kwa kucha, juu pagumu kama biskuti, katikati laini kidogo, chini panamomonyoka. Hiyo ni kawaida, upande chakula kinapoingilia ndio unaoganda kwanza halafu unaziba njia ya wenzake. Akakamua ndimu juu, shhh, povu. Kwenye kamera ya simu yenye kioo cha kukuzia utaona vipande vyeupe kati ya chembe za mchanga, kama vile ufizi kati ya meno.

Sasa usiende kusema umetengeneza pango. Pangoni hakuna mbolea ya gunia, mambo yanakwenda kidogo kidogo kwa miaka, na kuvunja yuria ni njia moja tu kati ya nyingi, ingawa popo wanakojoa kwa hivo yuria haikosekani. Chupa inakuonyesha kwamba inawezekana, ukutani ni lazima wapime sampuli kwa vifaa vyao.

Mjomba wangu ni fundi wa chokaa kule Lamu, nilimtumia picha akanipigia hapo hapo, swali lake moja, "Hii naweza kupaka kwenye plasta iliyopasuka?" Wazo lake si la kijinga hata kidogo. Ufaransa walishapulizia bakteria na chakula chao kwenye mnara wa kanisa la Saint-Médard mjini Thouars mwaka 1993 kuukinga mawe yake, na Uholanzi mjini Delft mtafiti Henk Jonkers ametia spora za bakteria ndani ya zege, ikipasuka maji yanaingia wanaamka wanaziba ufa. Lakini hao hawatumii maji ya punda mjomba. Yetu inatoa amonia nyingi na chumvi za mbolea, na chumvi kwenye ukuta wa matumbawe ndio inayobandua plasta yenyewe. Na mji wa Lamu uko kwenye orodha ya urathi wa dunia tangu 2001, hapo hujaribu kitu cha chupani bila wahusika. Nikamwambia achukue kipande cha jiwe kilichovunjika alichotupa, ajaribu hicho. Akaguna.

La mwisho, maji yanayochuruzika. Usiyamwage karibu na kisima, yana naitreti na amonia, na visima vyetu vifupi. Usiyachanganye kabisa na jik au dawa yoyote ya klorini ya kusafishia choo, itatoka hewa ya sumu, fanya kila kitu uani penye upepo. Yakusanye kwenye ndoo, yazimue mara ishirini kwa maji ya kawaida, umwagie mnazi au mgomba mbali na shina, kidogo kidogo. Mgomba wetu wa nyuma umetoa machipukizi matatu, na shangazi yule yule aliyetupa chupa zangu sasa ananiuliza lini naanza tena.